Kuba la Njano la Mama Laurentine

Kila Jumapili, kengele ya misa ya pili ikishalia Bwera, mpakani mwa Uganda na Kongo, mwanamume mmoja mwenye shahada mbili na viatu vilivyong'arishwa alikuwa akijibanza nyuma ya ghala la kahawa na kuchungulia barabara kama mwizi wa kuku. Alikuwa akimsubiri Mama Laurentine aende kanisani. Mama alipopita na kitenge chake cha sikukuu, rozari mkononi, mwanamume huyo aligeuza uso ukutani na kutulia hivyo mpaka mlio wa ndala zake ukapotea. Ndipo alipotoka, akapangusa chokaa iliyomganda kwenye paji la uso, akaingia katika mgahawa wa mama yule kupima paa.

Msimdhanie vibaya. Injinia Semakula wa Kasese alikuwa mtu mpole na msomi, na alimpenda Chérie, binti wa Mama Laurentine, mapenzi ya kweli, mapenzi ya kumfanya mtu wa matoke ajifunze kula sombe, kisamvu cha Kongo, na kuomba kuongezewa. Tatizo lake lilikuwa bibi yake. Baba yake alikuwa polisi, na walikaa kambini Kasese pamoja na watu wa kila pembe ya Uganda, lakini ndani ya chumba chao bibi alitawala kwa sheria za Buganda tupu. Sheria ya kwanza ilisema mama mkwe haguswi, hatazamwi usoni, wala hasemeshwi ila kupitia mtu wa tatu. Mwanamume atakayemgusa mama mkwe wake mikono itamtetemeka mpaka aingie kaburini. Semakula akasoma fizikia, akasoma hisabati, akasoma kompyuta, na katika masomo yote hayo hakuna lililoweza kumtoa bibi kichwani mwake.

Wala hakumweleza Chérie. Angemwelezaje? Siku walipofahamiana, katika duka la dawa la Kasese alikokuwa akifanya kazi binti huyo, Semakula alijinadi kwake kwamba yeye ni mtu wa sayansi, asiyeamini chochote kisichopimika. Chérie alipenda maneno hayo. Sasa aende akamwambie anaogopa kutetemeka mikono? Basi Chérie akabaki anaamini kwamba mchumba wake ana haya tu.

Mama Laurentine hakuamini hivyo hata kidogo. Yeye alikuwa Mnande wa Butembo huko Kongo, aliyevuka mpaka na binti yake na kaka yake Katembo miaka ya vurugu, akafungua mgahawa wa samaki Bwera, na mambo ya Buganda hakuyajua wala hakuyaulizia. Alichokijua ni hiki: kuna kijana anamtaka binti yake, na kila kijana huyo akimwona, anatimua mbio. Mara ya kwanza alijitupa nyuma ya lori la mbao. Mara ya pili alijifunika beseni kichwani, katikati ya soko, beseni ambalo halikuwa lake, na mwenye beseni akamfuata nyuma akipiga mayowe.

"Ule mutu anakimbiaka miye sawa vile niko simba," Mama Laurentine alimwambia Katembo. "Nimemufanya nini?"

"Labda anaogopa tu, yaya," Katembo alimjibu dada yake mkubwa.

"Anaogopa nini? Ananizarau." Kisha akamgeukia binti yake. "Bon. Miye siwezi kuangalia mutu mwenye kukimbia. Anasema anajua kujenga? Ajenge toiture, paa ya restaurant yangu. Nitaangalia toiture. Ikifika Pasaka haiyaanguka, nitamupa jibu. Ikianguka, jibu umelisikia."

Chérie alipomletea habari hizo, Semakula alifurahi mpaka akaruka. Kumbe mtihani wenyewe ni wa kujenga! Angeambiwa anywe chai na mama mkwe, angehama wilaya. Lakini kujenga ndiyo kazi yake, tena wakati ule alikuwa na jambo lake moyoni. Katika karakana ya Kasese alikuwa anayeyusha madumu ya plastiki yaliyopasuka, yale madumu ya njano ya maji yaliyojaa kila kona ya nchi, na kuyamimina kuwa vipande vipana vilivyopinda, vya kuunganishwa viwe kuba. Kuba la plastiki! Halishiki kutu, halipigi kelele mvua ikinyesha, na watu wangekuja kutoka Maliba kulishangaa.

Sasa, plastiki si bati. Bati ukilitwisha mzigo, linakubali au linakataa hapo hapo, mambo yakaisha. Plastiki inakubali, halafu inaendelea kukubali, kidogo kidogo, siku hadi siku, na ukiiongezea jua inakubali upesi zaidi. Nusu yake ina tabia ya springi na nusu ina tabia ya asali. Na ukishaipinda ikawa kuba, ndipo panapohitaji akili. Kuba hubeba mzigo kwa sababu ya mviringo wake. Mviringo ukipungua, nguvu inapungua, na nguvu ikipungua, mviringo unazidi kupungua, kimyakimya, mpaka mchana mmoja wa jua kali kuba zima linageuka ndani nje kama mwavuli uliopigwa na upepo.

Haya yote Semakula aliyajua kuliko mtu yeyote kati ya Kasese na mpaka. Shahada yake ya pili ilihusu jambo hilo hilo: kuliumba kuba ndani ya kompyuta, kulitwisha mizigo yake yote, kisha kuusukuma muda mbele na kutazama litakavyobadilika umbo mwezi baada ya mwezi. Kuba la Mama Laurentine alilifanyia hesabu kwa moyo wote. Akaweka upepo. Akaweka mvua ya mawe inayoshuka kutoka Rwenzori. Akaweka jua la Januari na Februari. Akaweka hata kaloli, wale ndege wakubwa wenye upara wanaotua popote penye mabaki ya samaki, kundi zima, wote wametua kwa pamoja wakiwa wameshiba. Kompyuta ikamjibu kwamba mpaka Pasaka kuba litakuwa limeshuka upana wa kidole tu, na litakaa miaka ishirini. Semakula akalala usingizi mnono.

Kuba likapandishwa mwezi wa tisa. Lilikuwa la njano mpaka linaumiza macho. Kiwanja cha mgahawa kilichongwa kwenye mteremko, kwa hiyo ukitazama kutoka barabarani uliliona limekaa juu ya kuta, lakini nyuma, upande wa mlimani, udongo ulikuwa sawasawa na ukingo wa paa, ungeweza kupiga hatua moja tu ukawa umelisimamia. Ndani mwanga ulikuwa wa njano, samaki walikuwa wa njano, na wateja walitazamana wakicheka kwamba wote wameugua ini. Biashara ikapanda. Mama Laurentine akasimama katikati, akatazama juu kwa muda mrefu, akasema, "Tutaona."

Kufikia Krismasi kuba lilikuwa limeshuka upana wa kiganja kizima.

Semakula alipima mara tatu Jumapili ya wiki ile, amesimama juu ya meza na kifaa chake cha kupimia kwa mwanga mwekundu, jasho likimtiririka. Kiganja! Tena si katikati, bali upande wa mlimani. Akapima tena kabla misa haijaisha, na hapo akaona jambo lililomsimamisha nywele: kuba lilikuwa linapanda. Kidogo sana, lakini linapanda, lenyewe, bila kuguswa. Mtu mwingine angepiga ishara ya msalaba. Semakula alijua maana yake. Plastiki ukiitua mzigo hairudi mara moja, hujirudisha polepole, kwa sababu bado inaukumbuka. Kuba hili lilikuwa linapumua baada ya kutuliwa kitu kizito, tena kitu kilichokuwepo mpaka jana.

Jumatatu akalipeleka swali kwenye kompyuta kinyumenyume: ni mzigo gani ungelishusha kuba namna hii? Jibu lilipokuja, alimwita Ajok.

Ajok alikuwa injinia mwenzake pale karakana, binti wa sajini, waliyekua pamoja kambini. Kiswahili chake alikipata kwenye gwaride na hakuwahi kukilainisha.

"Sema. Computer inasema nini?"

"Inasema kuna ng'ombe juu ya paa."

"Ng'ombe?"

"Uzito wa ng'ombe. Upande wa mlima. Iko pale kila siku, lakini Jumapili haiko."

Ajok aliinama juu ya skrini akasoma tarakimu zote kutoka mwanzo hadi mwisho, bila kucheka. Kisha akainuka. "Hesabu iko sawa. Hii ng'ombe inapumzika Jumapili. Hii ng'ombe ni Mukatoliki."

"Ajok, mimi nitakosa mke!"

"Usilie kama kuruti. Wewe napima siku gani?"

"Jumapili."

"Peke yake?"

"Peke yake. Siku zingine mama yuko."

"Basi enda Jumanne, simama mbele ya hiyo nyumba, fungua macho, tazama juu. Kazi imekwisha. Afande, hiyo inahitaji degree?"

Haikuhitaji shahada, lakini ilihitaji kumwona Mama Laurentine, na hapo ndipo miguu ya Semakula ilipokataa amri. Badala ya kwenda akapiga simu. Alimpigia Katembo jioni, jua likizama, akamwomba atoke nje atazame kama kuna kitu juu ya paa. Katembo, mtu mwema asiyejua kusema uongo wala kujibu asichoulizwa, akatoka, akatazama, akasema hakuna kitu. Semakula akapiga tena jioni iliyofuata, na nyingine. Hakuna kitu. Basi akaanza kuilaumu plastiki. Pengine madumu yalikuwa yamebeba mafuta ya taa. Pengine aliyapika kupita kiasi. Kazi yake mwenyewe, aliyoifanya kwa mikono yake na kuiamini, aliona afadhali aitilie shaka kuliko kwenda Bwera siku ya Jumanne. Nasema hivi kwa uchungu kidogo, maana mtu huyu alikuwa na akili.

Ikaingia Februari, jua likawa la kukaanga yai barabarani. Ijumaa moja asubuhi Chérie alipita karakana akiwa amebeba mfuko wa unga.

"Mama anakutumia," alisema. "Anasema hata kama unamukimbia, lazima ukule."

Semakula alifungua mfuko, akaguswa. Unga wa muhogo, mweupe kama karatasi, laini, usio na chembe ya mchanga. "Banange! Muhogo gani mweupe hivi?"

"Eh, mbele mbuzi zilikuwa zinaharibu. Unaanika chini, mbuzi inapita, mavumbi inapita. Sasa mama ameisha kupata fasi muzuri ya kuanikia. Asubuhi anatandika, magaribi anaondosha. Fasi ya moto, inainama kidogo, maji inashuka. Anasema hajaona fasi sawa ile."

"Fasi gani?"

"Sijui, miye niko huku ku kazi. Anasema iko juu, mbuzi haiwezi kufika."

Ajok akaweka nyundo chini.

"Ng'ombe," alisema Ajok.

Semakula alikaa kwenye kompyuta na kuulaza muhogo juu ya kuba, muhogo uliotoka kulowekwa, mzito kwa maji, kila asubuhi tangu mwezi wa tisa isipokuwa Jumapili, akauongezea jua la Februari, akausukuma muda mbele. Picha ya kuba ikashuka, ikashuka, ikafika kwenye tarehe ya leo, na katikati ya mchana ikageuka ndani nje. Akarudia. Ikageuka tena.

"Leo siku ya soko," Chérie alisema kwa sauti ndogo. "Leo watu wanajaa mule ndani."

Walimpigia Katembo, lakini simu yake ilikuwa imekamata mtandao wa Kongo, kama kawaida yake, na mwanamke wa ndani ya simu aliwajibu kwa Kifaransa kwamba hapatikani. Ajok akatoa pikipiki. Walipanda watatu, Ajok usukani, Chérie katikati, Semakula mwisho akiwa bado ameshika mfuko wa unga, maana hakuna aliyemwambia auache. Pale Kikorongo malori yalikuwa yamesimama foleni ndefu kumsubiri tembo mmoja aliyeamua kujikuna kwenye nguzo ya kibao cha barabarani. Ajok alimpita tembo upande wa nyuma bila kupunguza mwendo. Semakula alifumba macho, akajikuta anaomba si kwa ajili ya tembo bali kwa ajili ya muhogo, kwamba leo uwe mchache.

Haukuwa mchache. Walipofika Bwera, kuba lote la upande wa mlimani lilikuwa jeupe, vipande vimetandazwa bega kwa bega, na katikati ya weupe ule, miguu mitupu, kitenge kimefungwa juu ya magoti, alisimama Mama Laurentine mwenyewe akiugeuza muhogo wake kwa mti mrefu. Alikuwa mwanamke mwenye mwili, si wa kupeperushwa. Chini yake mgahawa ulikuwa umefurika watu wa sokoni. Kuba lilikuwa limebonyea upande mmoja hata mpita njia angeliona, na wapita njia walikuwa wameliona, na walidhani ndiyo fasheni.

Chérie alikimbilia ndani kuwatoa wateja. Semakula akazunguka nyuma, akapanda ukingo wa mlima mpaka usawa wa paa, akamkuta Katembo anamwagia maji muhogo mwingine kwenye pipa. Mama mkwe alikuwa hatua chache tu mbele yake. Semakula akageuza uso kwa kasi, akajikuta anatazamana na mgomba.

"Mjomba! Mwambie mama atoke juu ya paa!"

"Laurentine," Katembo alisema kwa utaratibu, "anasema utoke juu ya toiture."

"Nani anasema?"

"Ingénieur."

"Anasema na nani? Naona anasemesha mugomba."

"Mwambie paa itageuka sasa hivi!"

"Anasema itageuka sasa hivi."

"Umwambie aniambie yeye mwenyewe!" Mama Laurentine alikita mti wake chini, na kuba likatoa mlio mwembamba, kwiii, ambao ulimpenya Semakula hadi kwenye meno. "Miye niko na jina. Niko na sura. Mwaka muzima nakuwa sawa vile muzimu ku macho yake! Siondoke hapa mpaka aniangalie!"

Semakula alijua mambo mawili. La kwanza, kwamba hawezi kumfuata: mtu mmoja zaidi juu ya kuba lile na mambo yamekwisha. La pili, kwamba mwanamke huyu hatashuka kwa ujumbe. Aliogopa, tena aliogopa vitu viwili kwa wakati mmoja, na kimoja kilikuwa cha kipuuzi kabisa na ndicho kilichomshinda miaka yote. Aliona aibu. Aliona aibu kuliko siku ya beseni. Akauacha mgomba, akageuka, akainua macho.

Kwa mara ya kwanza akamwona mama mkwe wake. Alikuwa na unga kwenye nyusi, mwanya katikati ya meno ya mbele, na macho ya Chérie yaleyale, ila yenye hasira zaidi.

"Mama Laurentine," alisema. "Habari ya asubuhi."

"Ni saa saba ya muchana."

"Habari ya mchana, mama."

"Muzuri." Alimtazama kutoka juu hadi chini. "Kumbe uko na sura ya muzuri. Juu ya nini ulikuwa unaificha?"

Basi Semakula akasema yote, haraka, kwa kuwa kuba lilikuwa linalia na muda ulikuwa haupo. Alisema kwamba kwao mama mkwe hatazamwi wala haguswi, kwamba mtu akimgusa mikono inatetemeka mpaka kufa, kwamba bibi yake alimfundisha hivyo, kwamba yeye ni msomi na anajua ni upuuzi na bado anaogopa. Alisema hakuwahi kumdharau hata siku moja. Ilikuwa heshima.

Mama Laurentine aliegemea mti wake akiitafuna habari hiyo.

"Unajificha nyuma ya ghala ya kahawa kila dimanche. Unafikiri sikuonake? Batu yote ya paroisse wanakuonaka! Padiri mwenyewe aliniuliza kama uko mugonjwa! Hiyo njo heshima?"

"Ndiyo, mama."

"Na beseni?"

"Heshima pia."

Hapo Mama Laurentine akaanza kucheka. Kicheko kilianzia tumboni, kikapanda mabegani, mti ukamdondoka, na kuba zima likaanza kunesa naye, juu na chini, vipande vya muhogo vikiruka.

"Usicheke! Mama, nakuomba, usicheke! Kicheko sikukiweka katika hesabu!"

"Beseni!" alilia Mama Laurentine, machozi yakimtoka. "Beseni ya wenyewe!"

Semakula alipiga magoti kwenye ukingo wa udongo na kunyoosha mikono yote miwili. "Shika, mama. Njoo polepole. Shika."

Kicheko kikakatika. Mama aliitazama ile mikono. "Na ukinigusa, si utatetemeka mpaka ukufe?"

"Wanasema."

"Hauogope?"

"Naogopa sana, mama. Shika."

Alipiga hatua mbili. Semakula akamkamata viganja, akavuta kwa nguvu zake zote, na wote wawili wakaangukia mgomba, mama juu, injinia chini. Nyuma yao kuba halikupasuka wala kuvunjika. Lilishusha pumzi ndefu, upande wa mlimani ukazama, kisha kwa mlio mmoja mkubwa wa *bwop* likageuka lote, na muhogo wote wa Bwera ukaporomoka na kukusanyika katikati ya bakuli la njano lililoning'inia kwenye kuta.

Ndani, Chérie alikuwa amewatoa watu wote isipokuwa dereva mmoja wa lori ambaye samaki wake wa ngege alikuwa ndiyo kwanza amefika. Dereva aliinua macho, akaliona tumbo la njano limesimama kiganja kimoja juu ya kofia yake, akavuta sahani karibu zaidi, akaendelea kula.

Hakuna aliyeumia. Semakula alipotolewa chini ya mama mkwe wake, jambo la kwanza alilofanya ni kuinua mikono na kuitazama. Ilikuwa inatetemeka vibaya.

"Ajok! Ona!"

Ajok alinyoosha ya kwake. Nayo ilikuwa inatetemeka. "Ni pikipiki," alisema. "Hii barabara ni mbaya. Funga mudomo, simama."

Watu walikuwa wamejaa uani sasa, wauza nguo, wachuuzi wa samaki, mama wa mkaa, na wote walilijua sharti la Pasaka, kwa sababu Bwera hakuna siri. Wengine walisema paa limeanguka na bwana harusi ndiyo basi tena. Katembo alisimama juu ya kreti ya soda akabisha kwamba halikuanguka, mtu na aangalie, liko palepale, limegeuka tu. Chérie alisimama pembeni ameziba mdomo kwa mikono miwili. Semakula hakumtazama. Alijua alichomwahidi mama huyu, na alijua kilichotokea.

Mama Laurentine aliinua mkono na kelele zikaisha.

"Weye. Nisingeanika, ingekaa miaka ngapi?"

"Ishirini, mama."

"Na uliweka nini mu hesabu yako?"

"Upepo. Mvua ya mawe. Jua. Kaloli."

"Kaloli uliweka. Na miye?"

"Wewe sikukuweka."

"Juu ya nini?"

"Kwa sababu kukuweka, ilibidi nikuangalie." Aliligeukia kuba. "Kosa si la plastiki, mama. Kosa ni langu."

Mama Laurentine alijikung'uta majani ya mgomba. Alilitazama bakuli la njano, akautazama muhogo wake uliokusanyika vizuri katikati, tayari kuchotwa, akamtazama binti yake.

"Utajenga ingine," alisema.

"Nitajenga."

"Na miye nitaanika juu yake."

"Utaanika, mama. Lakini..." Hesabu ni hesabu, na yeye alikuwa injinia hata siku hiyo. "Lakini safari hii lazima niweke kila kitu. Uzito wa muhogo, ukiwa na maji. Na uzito wa... yule anayeugeuza."

Chérie alifumba macho. Katembo akashuka kwenye kreti taratibu na kurudi nyuma hatua mbili, maana hata yeye, aliyezaliwa tumbo moja naye, hakuwahi kuuliza jambo hilo akabaki salama. Mama Laurentine alimkazia macho Semakula, na Semakula, ajabu, hakuyakwepa.

Kisha akamwita kwa kidole. Semakula akasogea. Mama alimvuta kwa ukosi wa shati, akamwekea mdomo sikioni, akamnong'oneza.

"Umesikia?" alisema, akimwachia.

"Nimesikia, mama."

"Sasa uko mutoto wangu. Sababu kama uko mutu ya inje na unajua ile kilo, nitakuua."

Semakula aliuingiza uzito ule katika hesabu jioni hiyohiyo, na mpaka leo mke wake akimuuliza ulikuwa kilo ngapi, anamjibu kwamba amesahau.